Umeshonwa bega na shamba linakusubiri: mwongozo wa kupona ukiwa nyumbani kijijini

Wakulima wenzangu, kamwene. Hii naiandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Uyole, Tukuyu, Mafinga, Makambako, Njombe, kote ambako mtu akiambiwa na daktari "pumzisha mkono miezi mitatu" akili inaenda moja kwa moja kwa ng'ombe na viazi vilivyoko ardhini. Mimi nalima viazi na mahindi huku juu ya Uyole, nina ng'ombe wa maziwa, na bega langu la kulia lilishonwa kano baada ya kuanguka na bodaboda kwenye utelezi. Hospitali wanaelekeza vizuri tu, ila ile karatasi ya maelekezo haigusi ndoo ya bombani, haigusi choo cha shimo wala kusonga ugali, kwaio hayo ndio ntaongea sana hapa.

Naongelea oparesheni ya kushona kano za bega. Kama wewe ulivunjika mfupa ukawekewa chuma, au ulisafishwa bega tu bila kushonwa, muda wako ni tofauti, mambo ya nyumbani yatakusaidia lakini tarehe zifuate za daktari wako. Na hata kwa waliokatika kano, ukubwa wa mchaniko haufanani, mwingine slingi (ule mfuko wa kubeba mkono unaofungwa shingoni) wiki 4 mwingine 6, ukiambiwa tofauti na nilivyoandika hapa shika ya aliyekupasua.

Kwanza elewa kilichofanyika humo ndani

Bega lina misuli minne inayozunguka kichwa cha mfupa wa mkono, na kano zake ndio zinashika ule mfupa usichomoke ukiinua au kuzungusha mkono. Kano ikichanika, daktari anaivuta anairudisha kwenye mfupa na kuifunga kwa nyuzi zilizoshikiliwa na vipini vidogo vilivyopigwa kwenye mfupa. Sasa zile nyuzi zinashikilia tu kwa muda. Kano yenyewe inatakiwa iote tena kwenye mfupa, na hiyo kazi inachukua kama wiki 12 ndio ianze kuwa na nguvu ya kueleweka, na inaendelea kukomaa miezi mingi baada ya hapo. Wanaolima parachichi wanaelewa haraka, mche uliobebeshwa unaweza kutoa majani mazuri kabisa huku pale kwenye unganiko bado hapajashika, ukiuvuta unabaki nao mkononi.

Ndio maana nasema kitu kimoja ukikumbuke kuliko vyote: maumivu yanaisha mapema kuliko kano inavyopona. Mtu wa wiki ya 2 hawezi kujiharibu kirahisi maana anaumwa, anajilinda mwenyewe. Anayejiharibu ni yule wa wiki ya 7 au ya 8, slingi imetoka, halali vibaya tena, anaona ndoo imekaa pale anasema ngoja. Mara nyingi kano ikichanika tena inachanika kwenye miezi hii ya mwanzo.

Hatua ya 1: Tarehe ya oparesheni ipangwe na kalenda ya mvua

Huku tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili au Mei hivi. Kama daktari amekwambia oparesheni yako inaweza kusubiri, omba iwe baada ya kuvuna, yani Juni au mwanzoni mwa Julai. Hesabu iko hivi, ukipasuliwa mwanzoni mwa Juni slingi unakaa nayo mpaka katikati ya Julai, Agosti ni mazoezi mepesi, Septemba unaanza mazoezi ya nguvu, mvua inapoanza Novemba umefika mwezi wa tano, unaweza kudondosha mbegu kwenye mashimo na kuweka mbolea kwa kijiko hata kama kulima wamelima wengine. Ukipasuliwa Oktoba ndio umeupoteza msimu wote, utaangalia kupanda na palizi ukiwa umefungwa mkono.

Ila hapa naomba nieleweke. Kama umeanguka leo na mkono haunyanyuki kabisa kesho, usiusubirie msimu. Kano iliyokatika kwa ajali inashonwa vizuri ikiwahi, ikikaa sana inajivuta nyuma na msuli wake unakonda na kugeuka mafuta, daktari akija kuivuta haifiki. Wengi wanachuliwa bega miezi na miezi kijijini wakiambiwa ni mshipa umekaa vibaya, alafu wakifika hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wanaambiwa wamechelewa. Bega lililoumia likagoma kunyanyuka, nenda likapimwe.

Kama unapewa rufaa ya mbali, mfano MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ulizia bima yako mapema inalipia nini na nini, usiulizie oparesheni peke yake, ulizia na slingi, na fizio (mazoezi ya tiba) za baadae, maana fizio ndio zinamaliza hela za nauli kidogo kidogo.

Hatua ya 2: Wiki mbili kabla, geuza nyumba iwe ya mkono mmoja

Funga mkono utakaopasuliwa kwa kanga siku nzima alafu uishi. Utaona mwenyewe unakwama wapi, kufungua kopo la mafuta, kubana dawa ya mswaki, kufunga kamba za viatu, kujisafisha chooni na mkono usiouzoea. Kila unapokwama andika. Hilo zoezi linakupa majibu ya nyumba yako wewe kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Vitu vya kila siku vyote vishushe au vipandishe vikae kati ya kiuno na kifua, chumvi, sufuria, taulo, chaja. Kitu cha juu ya kabati kitakushawishi uinue mkono, na cha chini ya uvungu utainama na bega lining'inie vibaya.

Pasua kuni za miezi miwili, saga unga wa kutosha, jaza pipa la maji. Nunua vidumu vya lita 3 na lita 5, ile ndoo ya lita 20 iondoe kabisa machoni. Ndoo ni kilo 20, na tatizo hata sio kuibeba kichwani, watu wengi wanasema "mimi nabeba kichwani mkono haufanyi kazi". Mkono unafanya kazi wakati wa kutwika na kutua, unainua kilo 20 juu ya kichwa, na hiyo ndio pozi mbaya kuliko zote kwa kano iliyoshonwa.

Kaa na watu wa nyumbani mgawane kazi kwa majina, nani anakamua asubuhi, nani jioni, nani anakata majani, nani anachota maji. Sio "tutasaidiana", hiyo ikifika wiki ya tatu kila mtu amechoka na wewe unaona aibu kuomba. Kama huna watu, uza mnyama mmoja au mpeleke kwa ndugu mkubaliane maziwa awe anachukua yeye, kuliko ubaki na ng'ombe watatu na mkono mmoja. Vibarua wa shamba patana nao kwa ngwe au kwa ekari sio kwa siku, maana hutaweza kusimama nao shambani kutwa.

Kama unavuta sigara acha kabla, sigara inachelewesha kano kushika kwenye mfupa na hili madaktari wanalisema kila siku. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imeshuka vizuri kabla ya kupasuliwa. Na ulizia chanjo ya pepopunda, sisi tunaishi na samadi.

Hatua ya 3: Safari ya kurudi nyumbani

Usirudi na bodaboda hata kama ni kilometa mbili, tafuta bajaji au gari dogo mwambie dereva aende taratibu kwenye matuta. Kwenye basi kaa dirishani, upande ambao bega bovu linakaa ukutani, ili anayepita katikati na begi asikugonge, na weka mto au nguo iliyokunjwa kati ya mkono na ukuta wa basi. Kwenye gari dogo angalia mkanda, hapa kwetu abiria wa kushoto mkanda unamshukia bega la kushoto na wa kulia unamshukia la kulia, kwaio ukipasuliwa kushoto kaa nyuma ya dereva, ukipasuliwa kulia kaa upande wa kushoto. Ni kitu kidogo ila breki moja ya ghafla ikikuvuta bega usiku wa kwanza utakisikia.

Hatua ya 4: Siku za mwanzo, dawa na kulala

Mara nyingi pamoja na nusu kaputi wanakupiga na ganzi ya bega kupitia shingoni. Mkono unakuwa mzito kama sio wako, inaweza kukaa masaa 12 mpaka 24 hivi. Kope la jicho upande ule linaweza kulegea na sauti kukauka, hiyo inaisha na ganzi, ila ukihisi pumzi haitoshi waambie hapohapo. Sasa muhimu, usisubiri ganzi iishe ndio umeze dawa. Ganzi inaisha ghafla, mara nyingi usiku wa manane, na maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Meza kwa saa kama ulivyoandikiwa siku za mwanzo, weka alamu kwenye simu.

Kama umepewa tramadol au dawa kali za jamii hiyo, usichanganye na pombe ya aina yoyote, na ulanzi ni pombe. Zinafunga choo pia, kunywa maji sana, kula papai na mboga za majani. Diclofenac na ibuprofen usijiongezee mwenyewe toka duka la dawa, muulize daktari kwanza, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au figo.

Kulala ndio kilio cha wengi. Ukilala chali flati bega linauma, ubavu hauwezekani. Unatakiwa ulale nusu umekaa, na sisi hatuna vile viti vya kulaza mgongo, kwaio tengeneza hivi: chukua gunia mbili za pumba, ziegemeze ukutani kichwani mwa kitanda, moja imelala chini ya nyingine ili mgongo upate mteremko na sio kona, juu yake tandika blanketi nene alafu mito. Chini ya magoti weka nguo iliyokunjwa ili usiteleze kushuka usiku. Kisha, na hili wengi hawaambiwi, weka mto mdogo chini ya kiwiko cha mkono uliopasuliwa mpaka ukiangalia chini unakiona kiwiko chako. Kama hukioni maana yake kimedondokea nyuma ya mwili na kano inavutwa mbele usiku kucha. Slingi usivue kulala. Lala hivi wiki kadhaa, utazoea.

Barafu inasaidia kupunguza uvimbe, dakika 15 au 20 alafu unapumzisha ngozi, na isiguse ngozi moja kwa moja, funga na kitambaa. Kama hakuna friji nyumbani mpe mtu wa duka akugandishie chupa mbili za maji za nusu lita, moja ikiwa begani nyingine iko kwenye friji. Na Juni huku maji yaliyolala nje yanakuwa ya baridi sana, taulo lililolowekwa humo na kukamuliwa linafanya kazi, ila bandeji isilowe.

Juni hiyohiyo baridi inabana misuli mpaka bega linakakamaa, vaa sweta juu ya slingi mkono ukiwa ndani. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hewa yake inaua na wewe umemeza dawa za usingizi mzito.

Majimaji yenye damudamu kutoka kwenye vitobo siku ya kwanza na ya pili ni kawaida kama ulipasuliwa kwa matundu, na wekundu wa damu kuvilia unaweza kushuka mpaka kiwikoni au kifuani, usiogope.

Kinachotakiwa kukurudisha hospitali haraka ni homa, usaha, wekundu na joto vinavyozidi badala ya kupungua, maumivu yanayopanda ghafla wakati yalishaanza kushuka, vidole kufa ganzi au kuwa vya bluu baada ya ile ganzi ya oparesheni kuisha, kigimbi cha mguu kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika. Hii ya kifua ni ya kukimbia, sio ya kesho asubuhi.

Na tafadhali, asitokee mtu kukuchua. Najua bibi anakupenda na ana mafuta yake, najua jirani aliwahi kumnyoosha fulani akapona. Kano iliyoshonwa ikivutwa au kukandwa na mtu asiyejua inachomoka, na kuchanja chale au kupaka dawa ya majani juu ya kidonda kibichi ni kukaribisha usaha ndani ya kiungo. Wapokee kwa heshima, waambie daktari amekataza mpaka nyuzi na kano vishike.

Hatua ya 5: Wiki za slingi, maisha ya nyumbani

Slingi iwe imekaza kiasi kwamba kiganja kipo usawa wa kiwiko au juu yake kidogo. Kikining'inia chini vidole vinavimba. Kiwiko kiingie mpaka mwisho wa mfuko, kama kuna pengo nyuma ya kiwiko basi bega linabeba uzito wa mkono wote.

Kuvaa: mkono uliopasuliwa unaingia kwanza, kuvua unatoka mwisho. Mashati ya vifungo mbele, wamama dera pana ni rafiki sana kipindi hiki. Sidiria ya kufunga nyuma iache, huwezi kupeleka mkono mgongoni kwa miezi, tafuta ya kufunga mbele.

Kuoga: kidonda kisilowe mpaka kifunge na nyuzi zitoke, mara nyingi siku 10 mpaka 14. Kwapa ndio linasumbua, linatoa jasho na harufu na ngozi inachubuka. Usinyanyue mkono kulifikia. Kaa kwenye kigoda, inama mbele taratibu uache mkono uning'inie wenyewe, kwapa linafunguka lenyewe, pitisha kitambaa chenye sabuni, suuza, kausha vizuri, rudi wima, vaa slingi.

Choo cha shimo kinataka nguvu ya kuinuka na watu wanajisukuma kwa mikono bila kufikiria. Chimbia nguzo imara upande wa mkono mzima, au fundi akupasulie kiti cha mbao tundu ukiweke juu ya shimo. Usiku vaa tochi ya kichwani maana mkono mmoja umefungwa na mwingine unahitaji kushika nguzo. Njia ya chooni mwaga kokoto au maranda, kuanguka ndio hatari kubwa kuliko kazi yoyote, ukiteleza mwili unanyoosha mkono wenyewe kujikinga kabla hujaamua. Raba zenye meno, sio ndala.

Jikoni sasa. Chai utachemsha, wali utapika kama sufuria mtu amekubebea. Ugali hapana. Kusonga ugali wa familia mkono unasukuma na kuzungusha kwa nguvu huku bega limekaza, na wa pili unashikilia sufuria isizunguke, kwaio mikono yote miwili ipo kazini, hata ukisonga na mzima ule mwingine unaushirikisha. Ugali usiuguse mpaka mwezi wa nne huko tangu upasuliwe. Kutwanga, kufua mablanketi na kukamua nguo ni hivyohivyo. Na mtoto usibebe mgongoni, kumrusha mgongoni na kufunga mbeleko ni mikono yote juu na nyuma, akulilie kaa chini apakatwe upande mzima.

Kazi ambayo unaweza, daktari akishakubali uvitumie vidole, ni kuchambua maharage. Kaa mezani, kiwiko kimegandana na ubavu, ungo uko mbele yako usawa wa kiuno, vidole tu ndio vinatembea. Inakuchangamsha, inafanyisha vidole mazoezi, na unajiona una mchango.

Mifugo: bandani usiingie kabisa mpaka kidonda kimefunga, samadi na kidonda havikai pamoja. Baada ya hapo unaweza kumwagia kuku mahindi na kuangalia tu. Kamba ya mnyama yeyote usishike hata mkono mzima ukiwa umevaa slingi, ng'ombe akishtuka anakuvuta mwili mzima unaanguka. Mbuzi pia, mbuzi anadharauliwa lakini mvuto wake ni wa ghafla.

Linda na lile bega lingine lisiloumwa. Kazi zote zimehamia kwake na likiumia nalo umekwisha, beba vidumu vidogo mara nyingi kuliko kikubwa mara moja.

Hatua ya 6: Mazoezi, usiyafanye kwa hisia

Vidole na kifundo cha mkono unaanza siku ileile ganzi ikiisha, kunja ngumi na kufungua kila mara, bonyeza soksi iliyoviringishwa. Kiwiko kukunja na kunyoosha pia, ila muulize daktari kama aligusa na msuli wa mbele wa mkono, akiwa ameushona kukunja kiwiko kwa nguvu yake mwenyewe kuna masharti.

Akikuruhusu, zoezi la kuning'iniza: shika meza kwa mkono mzima, inama, acha mkono uliopasuliwa uning'inie bila nguvu yoyote, alafu yumbisha kiuno chako mbele na nyuma, mkono ufuate wenyewe. Wengi wanakosea hapa, wanazungusha mkono kwa nguvu za bega. Kama msuli wa bega unakaza, sio zoezi hilo.

Baadae linakuja la meza, unaweka kiganja juu ya taulo mezani na kulitelezesha mbele huku mwili unainama, na la kamba, unapitisha kamba juu ya boriti, mkono mzima unavuta chini na uliopasuliwa unapanda kwa kubebwa. Hayo mtu wa fizio ndio akwambie lini. Kama fizio iko Mbeya mjini na wewe uko Isyonje ndani huwezi kwenda kila wiki, muombe akurekodi video kwenye simu yako ukiwa unafanya wewe mwenyewe, asikutumie ya mtu mwingine, na akuandikie mara ngapi kwa siku. Fanya dawa ya maumivu ikiwa imeshika, nusu saa hivi baada ya kumeza.

Usiruke mazoezi kwa kuogopa pia. Bega lililofungwa tu bila kusogezwa linaganda, na kuligandua ni miezi.

Hatua ya 7: Wiki ya 6 mpaka ya 12, hapa ndio pa kukaa macho

Slingi imetoka. Sasa unaruhusiwa kuinua mkono wenyewe bila mzigo, kula, kunawa uso, kuandika, kushika kikombe cha chai. Mzigo bado ni kikombe, sio kidumu. Watu wa nyumbani wakikuona huna slingi wanajua umepona, na kazi zinaanza kurudi kwako moja moja bila mtu kuamua, "shika hapa kidogo", "nisaidie kutwika". Mimi nilishauriwa na mama mmoja jirani nivae slingi nikienda sokoni na kwenye misiba hata baada ya kuruhusiwa kuitoa, na ushauri wake ni mzuri sana, muulize tu daktari wako kwanza. Kwenye mkusanyiko watu wanakusalimia kwa kukuvuta mkono, na wanakupisha wakiona umefungwa.

Kupukuchua mahindi umekaa, kiwiko ubavuni, unaweza kuanza kidogo kidogo fizio akikubali. Kuendesha gari ni mpaka daktari aruhusu, bodaboda isubiri zaidi, usukani wa pikipiki kwenye barabara ya makorongo unapiga bega kila shimo.

Ukisikia kitu kimekatika ndani, au jana ulikuwa unainua mkono na leo haupandi, simamisha kila kitu urudi kliniki.

Hatua ya 8: Kuanzia mwezi wa tatu, nguvu na shamba

Mazoezi ya nguvu huku hayataki gharama. Kata tyubu ya baiskeli upate mkanda mwembamba, ufunge kwenye nguzo ya mlango usawa wa kiwiko, bana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, vuta kwenda nje taratibu na kurudi taratibu, alafu geuka uvute kwenda ndani. Taulo likidondoka maana yake unatumia mwili badala ya bega. Kisha chupa ya nusu lita yenye maji, hiyo ni nusu kilo, unainua mpaka usawa wa bega tu. Kuuma kidogo kunakoisha usiku huohuo sawa, kuuma kunakokuamsha kesho yake punguza.

Shambani anza na vitu vya chini ya kiuno, kudondosha mbegu, kuweka mbolea kwenye shimo, kung'oa magugu kwa mkono udongo ukiwa na unyevu. Kukamua jaribu ng'ombe mpole, chuchu mbili tu alafu mwingine amalizie, kigoda kiwe karibu na ng'ombe ili mikono isinyooke. Palizi ni jembe jepesi la kukwangua, usilipandishe juu ya kiuno, na kwa dakika chache.

Jembe la kulima lenyewe, lile la kunyanyua juu ya kichwa na kushusha, ni mwezi wa tano au wa sita tangu upasuliwe, kwa wengine zaidi, maana linakuja na mambo mawili mabaya kwa pamoja, mkono juu na mshtuko ukigonga jiwe. Bomba la mgongoni la lita 16 hivyohivyo, kilo 16 na uzito wa bomba lenyewe, mkanda unakaa juu ya bega na mkono mwingine unapampu muda wote, mlipe kijana akupigie viazi dawa msimu huu mzima. Shoka na panga viwe vya mwisho kabisa. Gunia la mahindi la kilo 100 na lumbesa ya viazi usishike hata kona, hata ukishapona, wawe watu wawili au watatu wazima.

Ukienda kliniki ya miezi sita usikubali kumaliza na "naendelea vizuri". Daktari wa mjini hajui siku yako ikoje. Mwambie kazi kwa majina na kwa kilo, ndoo kilo 20 toka bombani mpaka nyumbani, mfuko wa mbolea kilo 50, bomba la dawa kilo 16 na zaidi, jembe masaa mangapi kwa siku, muulize moja moja hii ndio au hapana, na kama hapana basi lini, na uandike majibu kwenye simu palepale kabla hujatoka mlangoni.